Fundo Ndani ya Sumaku

Konstebo mmoja alirejea nyumbani asubuhi kutoka zamu ya usiku, akauvua ukanda wake wa kazi, akautundika kitini na kwenda kuoga. Aliporudi alimkuta mwanawe ameketi mkekani na ukanda ule mikononi. Mtoto alikuwa ameusokota mzunguko mmoja kamili, kisha akaifunga bizimu, na sasa alikuwa akihangaika kuunyoosha. Alipousukuma msokoto upande wa kushoto ulijitokeza kulia. Alipoubana kulia ulirudi kushoto.

“Baba, mbona haunyooki?”

“Fungua bizimu kwanza, mwanangu. Usipoifungua utahangaika mpaka jioni.”

Jibu hilo, ingawa lilitoka kinywani mwa mtu mwenye usingizi, lina ndani yake elimu nzima. Msokoto wa ukanda uliofungwa haupungui kidogo kidogo. Mtu aweza kuuvuta, kuukunja, kuuhamisha toka mahali hadi mahali, hata kuukalia. Hesabu ya misokoto hubaki ile ile, nayo ni hesabu ya namba kamili: mmoja, miwili, mitatu. Hapana ukanda uliofungwa sawasawa ukawa na msokoto mmoja na robo. Ama bizimu ifunguliwe na msokoto uondoke wote, ama ibaki imefungwa na msokoto ubaki wote.

Elimu ichunguzayo mambo ya namna hii huitwa topolojia. Wenye elimu hiyo hawajali urefu wala upana wa kitu, wala hawajali kama kimenyooka au kimepinda. Huuliza tu ni jambo gani lisilobadilika wakati kitu kinapovutwa na kufinyangwa bila ya kukatwa wala kutobolewa. Machoni pao kikombe chenye mkono na bangili ni ndugu, kwa kuwa mfinyanzi mwenye udongo laini aweza kukigeuza kimoja kiwe kingine bila ya kuziba tundu wala kutoboa jipya. Sahani haimo katika ukoo huo. Kwa muda mrefu watu wengi waliiona elimu hii kuwa mchezo wa wasomi wenye nafasi nyingi. Lakini mwaka 2016 Nishani ya Nobel ya fizikia walipewa wazaliwa watatu wa Uingereza, David Thouless, Duncan Haldane na Michael Kosterlitz, kwa kuonyesha jinsi topolojia itawalavyo tabia za vitu, na miongoni mwa vitu walivyovichunguza zilikuwamo tabaka nyembamba na nyuzi za atomi za sumaku.

Sumaku si jambo geni nyumbani. Imo katika spika ya redio, imo katika mlango wa friji, na nyimbo zilizomo katika kaseti zimeandikwa kwa sumaku. Ndani ya kipande cha chuma kila atomi ni kama sumaku ndogo yenye mshale wake. Mishale mingi ikielekea upande mmoja, kipande huvuta misumari. Ikitawanyika huku na huku, nguvu hupotea. Tia msumari wa sumaku katika moto mkali upitao nyuzi 770 za Selsiasi nao utaipoteza kabisa, kwa maana joto limeivuruga mishale yote.

Kompyuta nazo huandika kwa mishale hiyo. Mshale ukitazama juu ni moja, ukitazama chini ni sifuri, na kutokana na moja na sifuri huundwa herufi, hesabu na picha. Uzuri wa maandishi hayo ni kwamba hayahitaji umeme ili yadumu. Kumbukumbu ya kazi iliyomo ndani ya kompyuta nyingi haiko hivyo: hiyo ni mithili ya mtungi unaovuja, na ili isipotee hujazwa umeme upya kila baada ya sehemu 64 hivi za elfu za sekunde, mchana na usiku, maadamu mashine inafanya kazi. Umeme ukikatika, yote yaliyokuwa yakiandikwa hupotea. Kwa sababu hiyo wataalamu wametafuta kwa miaka mingi kumbukumbu iliyo nyepesi na ya haraka kama hiyo, lakini idumuyo kama sumaku. Hapo ndipo fundo lilipoingia.

Jambo lenyewe laweza kufahamika vema katika kiwanja cha gwaride. Na tufanye kwamba askari elfu moja wamepangwa safu kwa safu, na kila mmoja ameshika mkuki. Amri ni moja tu: asiwepo askari ambaye mkuki wake umeelekea mbali sana na mkuki wa jirani yake. Wale wa pembezoni mwa kiwanja wameielekeza ncha juu. Askari aliye katikati kabisa ameielekeza ncha yake chini ardhini. Kati yake na wa pembezoni mikuki hubadilika polepole: wa karibu naye wameiinamisha ardhini kwa upande wa nje, wa duara lifuatalo wameilaza sambamba na ardhi, ncha zikitazama nje kila upande kama miali ya jua, na wa maduara ya mbele zaidi wameanza kuiinua. Kila askari ametofautiana na jirani yake kidogo tu, na amri haikuvunjwa popote.

Sasa afande anataka mikuki yote itazame juu. Askari wa katikati anaanza kuuinua wake kwa kupitia upande wa mashariki. Jirani zake wa mashariki hawaoni taabu, kwani mikuki yao tayari yaelekea huko. Lakini jirani wa magharibi, ambaye mkuki wake waelekea magharibi, amejikuta mbali mno naye, na ili aitii amri hana budi kuuinamisha wake ardhini. Basi aliyeelekeza mkuki chini si yule wa katikati tena, bali ni jirani yake wa magharibi. Kasoro imehama kwa hatua moja, haikuondoka. Afande na ajaribu kutwa kucha, lazima pawe na mahali fulani ambapo mkuki mmoja watazama chini, na kuuzunguka mkuki huo ipo mikuki ya kila mwelekeo uliopo duniani.

Zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni kulisukuma fundo zima mpaka ukingoni mwa kiwanja litoke nje. Ya pili ni kulibana mpaka libaki juu ya askari mmoja peke yake, naye augeuze mkuki wake kwa ghafla, kutoka chini kwenda juu, kwa kuivunja amri. Kuivunja amri katika sumaku si bure. Kuna gharama yake ya nguvu. Hiyo ndiyo bizimu ya sumaku.

Fundo la namna hii huitwa skirmioni, kwa jina la Tony Skyrme, mwanafizikia Mwingereza ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 hakuwa anafikiri habari za sumaku hata kidogo. Yeye alitaka kueleza kwa nini chembe zilizomo katika kiini cha atomi zinadumu bila ya kuyeyuka, akasema huenda kila chembe ni msokoto usiofunguka. Kabla yake, mwaka 1867, Lord Kelvin alikuwa amewaza kwamba atomi zenyewe ni mafundo. Kelvin alikosea kuhusu atomi, lakini wazo la fundo lilibaki likingoja mahali pa kufanyia kazi.

Ajabu ni kwamba wahandisi walikutana na mafundo haya zamani, wakayachukia. Andrew Bobeck na wenzake wa maabara za Bell, nchini Marekani, waligundua kwamba katika tabaka nyembamba za mawe ya garneti sumaku yaweza kugawanyika kuwa viputo vidogo vya mviringo: ndani ya kiputo mishale yatazama chini, nje yatazama juu. Kipenyo chake kilikuwa sehemu chache za elfu za milimita, na viputo vilionekana kwa hadubini vikitembea kama shanga. Palipokuwa na kiputo ilisomwa moja, pasipokuwa nacho ilisomwa sifuri. Mwaka 1979 kampuni ya Intel ilitoa kumbukumbu ya viputo yenye nafasi zaidi ya milioni moja, zilizotosha herufi 131,072, yaani kurasa 65 hivi za taipu. Haikuwa na gurudumu lizungukalo, haikuogopa vumbi wala mtikiso, na umeme ulipokatika maandishi yalibaki. Kwa sifa hizo ilipendwa majeshini. Kompyuta ya kubeba mkononi iitwayo GRiD Compass, iliyotoka mwaka 1982, ilitumia viputo, na ilisafiri angani katika vyombo vya Marekani vya safari za anga. Haikushindwa kwa udhaifu wake. Ilishindwa kwa bei, kwani diski za sumaku na vipande vya silikoni vilizidi kuwa rahisi mwaka hata mwaka, na kabla ya miaka ya 1980 kwisha soko lilikuwa limeipa kisogo.

Lakini katika mwaka 1972, wakati viputo vilikuwa bado tumaini jipya, wahandisi wa Bell walitangaza kuwa baadhi yake vilikuwa na tabia mbaya. Viputo vya kawaida vilikufa vilipobanwa kwa nguvu ya sumaku ya kiasi kijulikanacho. Hivi vilikataa kufa, vikahitaji nguvu zaidi. Tena viliposukumwa mbele vilikwenda upande, kama kuruti asiyejua kushoto na kulia. Viliitwa viputo vigumu, na kwa Kiswahili hapana jina liwafaalo kuliko viputo sugu.

Sababu ilipatikana katika ukuta wa kiputo, mahali ambapo mishale ya ndani hupindukia kuwa ya nje. Mtu akiuzunguka ukuta wa kiputo cha kawaida huiona mishale iliyolala ikigeuka mara moja tu katika mzunguko mzima. Katika viputo sugu iligeuka mara nyingi mno. Ulikuwa ule ule ukanda wa mtoto, umesokotwa mara kadhaa wa kadhaa kabla ya kufungwa bizimu. Wahandisi hawakuwa na haja na hekima ya jambo hilo. Walitaka viputo vitiifu. Waliupiga uso wa garneti kwa atomi zenye chaji ya umeme, uso ukabadilika, na viputo sugu havikutokea tena. Kazi ikaendelea. Hawastahili lawama, kwa kuwa mtu anayejenga ghala hatafuti panya wa ajabu.

Baada ya miaka kadhaa ugumu ule ule ulianza kutamaniwa. Mwaka 1989 wanafizikia wa Kisovieti, Alexei Bogdanov na D. Yablonskii, walionyesha kwa hesabu kwamba mafundo madogo sana yaweza kudumu katika fuwele ambazo atomi zake zimepangwa kwa mzunguko wa mkono mmoja, kama kamba iliyosukwa kulia tu. Katika fuwele hizo jirani hapendi kuelekea sawasawa na jirani. Hupenda kugeuka kidogo. Mpendeleo huo ulikwisha kuelezwa na Igor Dzyaloshinskii mwaka 1958, na Toru Moriya wa Japani mwaka 1960.

Ushahidi ulipatikana mwaka 2009 huko Garching, karibu na mji wa Munich. Sebastian Mühlbauer, Christian Pfleiderer na wenzao walichukua fuwele ya manganisi na silikoni, wakaipooza hadi nyuzi 244 hivi chini ya sifuri, wakaipitishia nyutroni kutoka katika kinu cha nyuklia. Nyutroni ni sumaku ndogo, na zikipita katikati ya mishale iliyopangwa hutoka kwa mpango. Zilitoka katika madoa sita, na maana yake ilikuwa kwamba ndani ya fuwele mafundo yamejipanga kama vyumba vya sega la asali. Kutoka fundo moja hadi jingine palikuwa na sehemu 18 hivi za milioni za milimita. Katika upana wa unywele mmoja yangepangika zaidi ya 4,000. Mwaka uliofuata wataalamu wa Japani, miongoni mwao Yoshinori Tokura, waliyapiga picha kwa hadubini ya elektroni katika madini mengine ya jamii hiyo, na walimwengu wakayaona kwa macho.

Mwaka huo huo wa 2010 ilijulikana huko Munich kwamba mkondo mdogo wa umeme watosha kuyasogeza. Ukilinganishwa na ule uliohitajiwa kuzisukuma kuta za kawaida za sumaku, mkondo huo ulikuwa mdogo mara laki moja hivi. Mwaka 2013, huko Hamburg, wataalamu waliweza kuliandika fundo moja na kulifuta, kisha kuliandika tena, kwa ncha ya sindano ya hadubini, katika baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Albert Fert wa Ufaransa, aliyepata Nobel mwaka 2007, alieleza pamoja na wenzake jinsi mafundo yatakavyoweza kukimbia katika utepe mwembamba, moja baada ya jingine, kama treni isiyo na magurudumu. Magazeti mengi yalishangilia. Kumbukumbu mpya ilikuwa mlangoni, walisema, na tena imelindwa na topolojia.

Yafaa kusema wazi kuwa maneno hayo ya mwisho yametumiwa ovyo. Bizimu ya ukanda ni ya chuma. Bizimu ya sumaku ni gharama ya nguvu tu, na mwenye kuweza kuilipa huifungua. Joto huilipa. Fundo likiwa dogo sana gharama huwa ndogo, na mtetemo wa atomi peke yake waweza kumfanya yule askari mmoja augeuze mkuki wake. Mwaka 2013 wataalamu wa Dresden, Munich na Cologne walichunguza jinsi mafundo yafavyo katika fuwele, wakaona kwamba mawili yaliyo jirani huungana kama meno ya zipu. Pale zipu inapopita panakuwa na nukta moja ambapo mishale imepotea kabisa, na nukta hiyo hufanya mambo kama ncha ya sumaku iliyo pweke, isiyo na mwenziwe. Hapo ndipo amri inapovunjwa. Topolojia haikusema kwamba fundo halifi. Ilisema tu ni kwa mlango gani mauti yaweza kuingia. Hilo nalo si dogo kwa mtu anayetaka kuulinda mlango huo.

Kisha tabia ya viputo sugu ikarudi. Mwaka 2017 vikundi viwili vya wataalamu vilitangaza picha za mafundo yaliyosukumwa na umeme katika tabaka za metali: badala ya kufuata njia yalikwenda pembeni. Kila mcheza kandanda ameona mpira uliopigwa kwa kuzungushwa ukipinda hewani. Fundo nalo hupinda kwa sababu ya msokoto wake, na nguvu inayolivuta pembeni hutegemea hesabu ile ile ya misokoto inayolizuia lisifunguke. Haiwezekani kubakiza moja na kuitupa nyingine. Katika utepe mwembamba matokeo ni mabaya, maana fundo huvutwa hadi ukingoni, na ukingo ni ile njia ya kwanza ya kufa. Mwaka 1972 waliweza kuutibu uso wa garneti na kuviondoa viputo sugu. Safari hii ugumu wenyewe ndio uliotakiwa.

Dawa iliyopatikana yafanana na ya wachukuzi wawili wabebao mzigo mmoja kwa mti mabegani. Tabaka mbili za sumaku huwekwa moja juu ya nyingine, katikati yao patiwe utando mwembamba wa metali ya ruthenia, na mishale ya tabaka ya juu huelekea kinyume na ya chini. Fundo la juu na la chini husokotwa kinyume. La juu likivutwa kushoto, la chini huvutwa kulia, na kwa kuwa yamefungamana huenda mbele moja kwa moja. Kila moja lina hesabu yake. Ni jumla tu iliyokuwa sifuri. Mwaka 2020 wataalamu wa Ufaransa walithibitisha kwamba mafundo ya jozi kama hiyo hudumu katika joto la kawaida la chumbani, na mwaka 2024 kikundi cha Grenoble kilitangaza kuwa yamekimbia kwa umeme mwendo wa hadi mita 900 kwa sekunde, bila ya kwenda pembeni. Risasi ya AK-47 hutoka mtutuni kwa mita 715 hivi kwa sekunde.

Mbio hizo zilikuwa za masafa mafupi mno na za muda mfupi mno, katika nyuzi za metali zisizoonekana kwa macho. Mpaka sasa hakuna duka liuzalo kompyuta yenye kumbukumbu ya mafundo. Kusoma kama fundo lipo au halipo, kwa umeme tu na kwa haraka, bado ni kazi ngumu, na metali haikosi vijidosari ambavyo mafundo hunasa kama magugu yanavyonasa nguo. Tabaka zenyewe ni za platini, ruthenia na kobalti, na ile ya kobalti ina unene wa atomi chache tu. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, katika migodi ya Kolwezi na sehemu nyingine za Katanga ya zamani, ambako wachimbaji huulizana bei yake kwa Kiswahili.